Kitambaa cha Njano Mlangoni pa Santa Eugenia

Valdecuerna, 14 Machi 1987

Mjomba Honorato,

Pokea shikamoo yangu, imelowa kidogo kwa sababu mvua ya hapa haijakatika tangu Jumapili. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, anashuka ngazi kinyumenyume, lakini ukimpa mkono anakuuliza nani kakuambia yeye mgonjwa. Mbweha amekula kuku wawili. Nyumba ya Prudencia imenunuliwa na watu wa Bilbao, wametia madirisha ya alumini na sasa kijiji kizima kinapita pale makusudi ili kisikitike. Msalimie sana mkaza mjomba wangu Nélida.

Sasa habari ya kazi. Tangu Novemba nimekabidhiwa mlango mkuu wa Santa Eugenia, ule wa magharibi, niusafishe na niandike rangi zake ni za miaka gani. Wewe umekulia pale, unaujua kuliko mimi. Kwa vile walijenga ukumbi mbele yake zamani, jua na mvua havikuugusa, na rangi bado imeshika kwenye mawe. Ninazihesabu tabaka zake kama maganda ya kitunguu. Chini kabisa ni nyeupe ya risasi, juu yake buluu ya jiwe, ile ya gharama, ya miaka elfu moja mia mbili na kitu. Halafu dhahabu na maua ya miaka elfu moja mia tano. Halafu masizi ya mishumaa. Manabii waliochongwa pale wananiambia hivyo, wapiga vinanda wananiambia hivyo, Bikira naye hivyohivyo.

Isipokuwa mmoja. Ni ile sanamu ndogo ya roho iliyosimama kwenye sahani ya mizani ambayo Malaika Mikaeli anapimia wafu. Haizidi kiganja. Nilipoiondolea masizi Januari, uso uliotoka ulikuwa mzuri kuliko nyuso zote za mlango, na Profesa Larramendi, mkubwa wangu, akasema bila kusita kwamba ndio wa kale kuliko zote. Mwezi uliopita maabara ya Madrid ilileta majibu. Chini ya uso ule kuna nyeupe ya titani, rangi ya kiwandani ambayo haikuwepo madukani kabla ya miaka ya 1920. Nikapeleka chembe nyingine, jibu likawa lilelile. Mjomba, sielewi. Masizi ya miaka mia nne yamekaaje juu ya rangi ya juzi?

Najua Babu Saturio alikuwa akipaka rangi mikokoteni. Je, unakumbuka yeye au mtu yeyote kupanda pale?

Mpwa wako,
Casilda

*

Rosario, 30 Aprili 1987

Mwanangu Casilda,

Marahaba, na pole kwa kuku. Barua yako imechukua wiki tano, nadhani imetembea kwa miguu. Huku ng'ambo ya bahari majani yanapukutika, Nélida amepika jemu ya matofaa mpaka hatuna pa kuweka vikombe. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, kwa hiyo nimeacha kuandika mabango ya maduka. La mwisho lilikuwa la bucha, nikakosea herufi moja, mwenye bucha akaniambia nisijali, wateja wake hawaji kusoma.

Habari ya mlango, sikumbuki kitu. Ukumbi ule siku zote ulikuwa stoo ya viti vibovu na msalaba wa maandamano. Mimi sikupanda, baba hakupanda. Baba alipaka mikokoteni, nyekundu na buluu, basi. Maabara nayo ni watu, hukosea. Halafu sioni kwa nini mnamsumbua. Kama ni wa kale mwacheni na ukale wake, na kama ni wa juzi mwacheni vilevile. Amevaa kitambaa chake cha njano, ametulia, amemkosea nani?

Huku mvua nayo haipo mwezi wa pili sasa. Bei ya gesi usiniulize. Jirani yangu Mtaliano ameoa tena.

Mjomba wako,
Honorato

*

Valdecuerna, 17 Mei 1987

Mjomba,

Shikamoo. Mcheri umetoa maua, Mama amepata dawa mpya ya magoti na ameitupa.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mimi sikukuandikia habari ya kitambaa cha njano. Nimeitafuta nakala ya barua yangu nikahakikisha. Kitambaa kile kilikuwa chini ya masizi mpaka Januari hii. Wamekiona watu watatu: mimi, Profesa, na fundi aliyetufungia jukwaa la kupandia, ambaye hata jina lako halijui. Umekijuaje?

Sikuulizi kwa ubishi. Nakuuliza kwa sababu nimekwama. Profesa amejenga maelezo yote juu ya kitambaa hicho. Anasema zamani njano ilikuwa rangi waliyovishwa wanawake wa aibu, na kwa vile sahani ya huyu iko chini kuliko ile ya pili, basi ni mwenye dhambi anayeshuka motoni. Novemba anakwenda kuyasoma haya Zamora mbele ya wataalamu. Nilipomwonyesha majibu ya maabara aliyasoma amesimama, akanirudishia.

"Casilda, wakemia wana chupa zao, sisi tuna macho yetu."

"Lakini titani, Profesa."

"Titani inaweza kupenya kutoka nje. Vumbi. Chafya ya mtu. Sijui. Wewe umeuona uso ule. Nani angeweza kuupaka hapa, kijiji hiki, katika karne hii?"

Jioni nikamuuliza Mama. Alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata mpaka mkate ukaisha, tukawa na vipande vya watu kumi, halafu akasema, "Muulize aliyekimbia."

Miaka yote najua wewe na Mama hamwandikiani, na sijawahi kuuliza kwa nini. Sasa nauliza.

Casilda

*

Rosario, 25 Juni 1987

Casilda,

Hatujambo. Baridi imeanza.

Haya, nilipaka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na upuuzi mwingi. Kulikuwa na msichana wa kijiji cha pili niliyempenda, akaniona si kitu, nikampaka sura yake pale kwa mzaha kisha nikafunika. Ndiyo hadithi yote. Andika jina langu kwenye karatasi zako, sugueni, tumalizane. Mama yako mwache na mkate wake.

Honorato

*

Valdecuerna, 2 Julai 1987

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sijui kama limepotea njiani au hukuandika.

Jana padri wetu mpya, kijana mpole anayeogopa mbwa, alinifungulia kabati la madaftari nitafute nani alipewa kazi gani kanisani. Kuhusu mlango sikupata kitu, ila mstari mmoja kwamba Aprili 1950 Babu Saturio alipaka chokaa kuta za ukumbi na kurekebisha mbao za mlango. Nikaendelea kufungua kurasa bila sababu. Kwenye ubatizo wa mwaka 1931 nimekuta hivi: Visitación, binti wa Saturio Bragado na Fermina.

Wewe umezaliwa 1929 na Mama 1934. Mimi nimeambiwa maisha yangu yote kwamba mlizaliwa wawili. Nikatafuta kwenye daftari la maziko mpaka mwaka 1987. Hayumo. Hayumo kwenye ndoa. Amebatizwa, amepata kipaimara, halafu basi.

Mjomba, Visitación ni nani?

Casilda

*

Valdecuerna, 3 Agosti 1987

Mjomba,

Shikamoo. Joto limetukaba, jukwaani siwezi kukaa baada ya saa sita mchana. Barua yako ya Juni imefika wiki hii, ilipishana na yangu.

Nisamehe, lakini sikuamini. Kope za uso ule zimepigwa kwa brashi moja moja, na kila mpigo unaanzia upande ambao mtu wa mkono wa kulia hawezi kuufikia bila kujigonga kwenye bawa la malaika. Nimejaribu mwenyewe. Aliyepaka ni wa kushoto. Kwenye picha zako zote, Mjomba, kisu, kikombe na brashi viko mkono wa kulia. Babu Saturio ndiye aliyekuwa wa kushoto, Mama aliniambia zamani jinsi alivyokuwa akipigwa shuleni kwa ajili hiyo.

Nakuandikia jambo la mwisho, ulijue kabla hujaamua kunyamaza tena. Kamati ya mkoa imekutana. Imeamua kwamba kila rangi iliyoongezwa baada ya mwaka 1600 itaondolewa. Nikisema roho ile ni ya juzi, mwishoni mwa Oktoba nitapewa kisu kidogo na pamba na mimi mwenyewe nitaikwangua. Nikisema ni ya kale, itabaki, na Profesa atanipandisha cheo. Jana aliniambia waziwazi.

"Andika tu 'pengine karne ya kumi na tatu'. Pengine si uongo."

Nimekaa na neno hilo tangu jana. Wakati mwingine nauona uso ule ni wa kale kabisa na wakati mwingine naona rangi haijakauka. Sijui tena ninachokiona. Niambie kitu kimoja tu: nikikwangua, namfuta nani?

Casilda

*

Rosario, 9 Septemba 1987

Mwanangu Casilda,

Nélida hajambo, mimi sijambo. Nimeandika barua hii mara tano, ukikuta doa si wino umemwagika.

Visi alikuwa dada yetu, kati yangu na mama yako. Alikuwa mrefu, anachekacheka ovyo, akifua anaimba nusu ya wimbo kwa sababu nusu ya pili hakuijua. Februari ya mwaka 1950 alikwenda kufua kwenye bwawa la kinu, kulikuwa na barafu ukingoni. Mchana wakamkuta majini. Ndoo zilikuwa zimepangwa vizuri pembeni, na nguo zimekunjwa.

Padri wa wakati ule, Don Abundio, alikuja nyumbani na daftari. Baba hakuweza kusema, mama yangu alikuwa amelala kitandani, basi akaniuliza mimi. "Honorato, wewe ndiye uliyeonana naye asubuhi. Alikuambia nini?" Nikasema, "Alisema amechoka." Mimi nilidhani namsaidia Visi. Nilidhani padri atasema maskini, alichoka, akateleza. Yeye akafunga daftari. Akasema mtu aliyechoka na uhai aliopewa na Mungu hawezi kulala ndani ya ukuta wa makaburi. Wakamzika nje, penye miiba, bila jina. Mama yako Leonisa alikuwa nyuma ya mlango, alisikia nilivyosema. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Mwaka uliofuata nikapanda meli.

Mpaka leo sijui. Siku nyingine naamka najua kabisa kwamba aliteleza. Siku nyingine naamka nakumbuka zile ndoo.

Aprili, padri yuleyule alimpa baba kazi ya chokaa ya ukumbi. Baba hakukataa, nami nikamchukia kwa kutokataa. Tukatundika magunia mbele ya mlango vumbi lisiingie kanisani. Siku ya tatu nikamkuta juu ya ngazi, na vikopo vyake vya rangi ya mikokoteni. Roho ile ya kwenye mizani ilikuwa jiwe tupu, unyevu ulikwishabandua kila kitu. Akaniuliza bila kugeuka, "Roho njema inapanda au inashuka?" Nikamwambia sijui, sahani zimechongwa hivyo. Akafikiri. "Mimi nimebeba ngano miaka thelathini," akasema, "sijaona gunia jema likipanda." Akaanza kupaka. Profesa wako labda anajua vitabu, lakini baba alimweka Visi kwenye sahani ya chini kwa sababu ndiyo yenye uzito, na kitambaa ni cha njano kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki kwenye kikopo.

Alipomaliza alichanganya gundi na masizi ya bomba la moshi akampaka juu, ili padri asione. Akashuka, akaniambia, "Yumo ndani." Hakulitaja tena jina lake mpaka alipokufa.

Sasa umejua. Ukikwangua sitakulaumu. Kazi ni kazi. Mimi nilisema neno moja tu la kweli maishani na ona lilivyofanya, kwa hiyo usinitake ushauri.

Mjomba wako,
Honorato

*

Valdecuerna, 28 Oktoba 1987

Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante. Njugu za chestnati zimeiva, nimekutumia kopo moja kwa meli, likifika limeoza basi nia unaijua.

Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Halafu niliandika ripoti. Niliandika: "Roho ya mizani: rangi ya mwaka 1950, mpakaji Saturio Bragado, fundi mikokoteni, wa kijiji hiki. Chini yake hakuna rangi ya zamani isipokuwa chembe moja ya waridi ndani ya sikio." Sikuandika sababu, hiyo si mali ya kamati. Profesa alisoma, akavua miwani.

"Umejiharibia."

"Najua."

"Na mimi pia umeniharibia. Zamora sitakwenda." Akairudisha miwani machoni. "Huyo Saturio alijifunza wapi kupaka kope namna ile?"

"Kwenye mikokoteni hakuna kope, Profesa. Sijui."

Kamati ilikutana Ijumaa iliyopita. Niliwaambia tukikwangua hatutapata karne ya kumi na tatu, tutapata jiwe. Mmoja akasema jiwe ndilo ukweli. Mwingine akasema hata mwaka 1950 ni ukweli. Walibishana mpaka saa ya chakula, njaa nadhani ilinisaidia. Watatu dhidi ya wawili, inabaki. Kazi ya mwakani amepewa mtu mwingine, kwa hiyo kuanzia Januari sijui nitakuwa wapi.

Kama mchongaji wa kwanza alikusudia mwema au mwovu kwenye sahani ile, bado sijui. Nimetazama milango mingine minane kwenye vitabu. Minne inasema mwema hushuka, minne inasema hupanda.

Jumapili nilimwambia Mama kila kitu. Akavaa koti. Unajua kwamba ndani ya Santa Eugenia hajatia mguu tangu kabla sijazaliwa, husali kijiji cha pili. Tukaenda. Nilimwambia jukwaa ni refu na magoti yake hayawezi, akanijibu kwamba magoti ni yake. Alipanda akipumzika kila kidato. Nikamwashia taa.

Alitazama muda mrefu, pua yake karibu na jiwe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Huyu si Visi," akasema.

"Mama, Mjomba alikuwepo. Alimwona Babu akipaka."

"Honorato aliona alichokiona. Pua hii ni yangu. Visi pua yake ilikuwa ya baba." Akainua kidole, hakugusa. "Na hiki kidevu changu."

Nilichanganyikiwa kabisa, Mjomba. Nilishika bomba la jukwaa. Halafu Mama akaanza kusema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Mwezi uleule wa Aprili Babu alimkalisha kwenye banda la mikokoteni, mchana mara tatu, juu ya gurudumu, akamwambia asicheke. Hakumwambia kwa nini. Yeye alidhani anapimwa kwa ajili ya kibao cha tangazo. Picha ya Visi haikuwepo hata moja, hilo analikumbuka, kwa sababu mama yenu aliitafuta nyumba nzima.

"Basi ni wewe au ni yeye?" nikamuuliza.

Akakaa kwenye mbao, miguu inaning'inia. "Ameanza na mimi," akasema. "Hapa mdomoni ameniacha. Mdomo ni wake. Mdomo ni wake kabisa." Hapo ndipo alipolia, na mimi sikujua nimshike wapi.

Ameniambia nimwachie nafasi chini ya karatasi.

Casilda

Honorato,

Ni mimi, Leonisa. Mtoto amenisomea barua yako mpaka mwisho, ingawa katikati nilimwambia anyamaze.

Visi alisema amechoka kila siku ya Mungu. Alisema amechoka akiamka, akila, akicheka. Siku aliyoshinda kuku kwenye bahati nasibu alirudi anasema amechoka kwa furaha. Wewe ulikuwa shambani na baba, labda hukumsikia. Mimi nililala naye kitanda kimoja. Nilikuwa nyuma ya mlango na nilijua hilo, na ningeweza kuingia nikamwambia padri. Sikuingia. Nilikuwa na miaka kumi na tano na yule mtu alikuwa na sauti kubwa. Halafu wewe ukaondoka, ikawa rahisi kusema kosa limekwenda nawe.

Kama aliteleza, mimi pia sijui. Padri huyu mpya nimemwambia ile miiba ikatwe, na amekubali, anakuja Jumatano na panga lake na mimi ndiye nitakayemwonyesha mahali.

Usimpitishie tena mtoto maneno yako. Niandikie mimi. Andika herufi kubwa, macho yangu yamepungua.

Leonisa